Mjapani Aliyekunywa Magadi

Mwezi uliopita nilimwachia mwingine pasi yangu ya shaba ya kuchomea lehemu nikaenda nyumbani kukaa. Nyinyi vijana wa gereji mliniandalia soda na keki, na nashukuru, ingawa keki ilizidi sukari. Mlipomaliza kula mkaniuliza lile swali mnalobishania tangu niwajue: gari ya Mjapani na gari ya Mmarekani, ipi inadumu, na ipi ukiinunua pesa yako haipotei. Jibu nilikuwa nalo, lakini mlikuwa mnaongea wote pamoja.

Sasa naandika, kwa sababu karatasi haimkatizi mtu. Shule nilisoma kidogo, kiasi cha Biblia na risiti, kwa hivyo mtanivumilia. Majina ya kampuni za magari sitayataja. Wenye magari wanayajua, na wenye kampuni hawajawahi kunitumia hata salamu.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wangu alipopata kazi kiwanda cha simiti huko Athi River. Kitengela ya wakati huo ilikuwa buchari, kinu cha posho na upepo. Mimi nilikuwa naziba vyombo sokoni: mabirika, taa za mafuta, makarai, chochote kinachovuja. Kazi hiyo nilifunzwa na baba yangu kwetu Machakos. Siku moja mwanamume mmoja alileta birika, akasimama nikiliziba, halafu akalitia maji akaliinua juu ya macho yake akangoja. Halikutoa tone. Huyo alikuwa Mzee Mutua, fundi wa rejeta, zile za kupozea injini za magari, wa barabara ya Namanga, Mkamba kama mimi, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Aliniambia anayeweza birika ataweza rejeta, ila birika halimchomi mtu usoni.

Siku ya kwanza hakunipa pasi. Alinipa pipa la maji, pampu ya baiskeli na rejeta ya lori, akasema nitafute inapovuja. Unaziba midomo kwa raba, unaizamisha, unapiga pampu, unaangalia mapovu yanatoka wapi. Nikaona shimo, nikamwita. Akasema hilo moja, endelea. Nilikaa hapo mpaka mgongo ukakataa. Ile rejeta ilikuwa imeoza kila mahali na yeye alijua tangu asubuhi. Jioni nikamuuliza kwa nini amenipotezea siku. Akasema mashimo aliyajua, alichotaka kujua ni kama nitarudi kwangu kabla ya saa.

Mengine aliyonifunza ni haya. Simama upepo ukiwa nyuma yako, maana moshi wa asidi hauna adabu. Piga brashi, osha, piga brashi tena, kwa sababu lehemu haishiki uchafu. Pasi ikiwa nyekundu imepita kiasi, irudishe ikae. Na usimwambie mwenye gari kazi ni rahisi hata kama ni rahisi. La mwisho nililijua kabla yake.

Sasa magari. Za Mmarekani zilikuwa chache hata wakati huo. Nyingi zilikuwa pikapu zilizoachwa na wazungu wa mashamba au wa makanisa, zikapita mikononi mwa watu mpaka zikafika kwetu. Injini ya chuma kitupu. Rejeta ya shaba, kubwa kama dirisha la nyumba. Hiyo rejeta unaichoma leo, unaichoma mwaka kesho, unaikata, unaiunga, inakubali. Nilikuwa naipenda kwa sababu ilikuwa inaongea lugha yangu. Ubaya wake ni petroli, ilikunywa kama mtu aliyetoka jela, na kingine ni vipuri. Kitu kikivunjika ndani, unaenda Nairobi, unazunguka Grogan kwa wauza vipuri, unarudi na jibu kwamba kilionekana mara ya mwisho miaka ile.

Za Mjapani zilianza kufika kwa wingi katikati ya miaka ya tisini, zikiwa zimetumika huko kwao na bado zinang'aa. Zilikuwa nyepesi, na petroli zilionja tu. Lakini rejeta yake ilikuwa nyembamba, ya aluminiamu, na kichwa cha plastiki. Sufuria za aluminiamu nilikuwa nimezikataa sokoni maana lehemu haikai juu yake. Sasa zimenifuata zikiwa na magurudumu. Mzee Mutua aliiangalia ya kwanza, akaigonga kwa kucha, akasema, "Ile ya Mmarekani inakufa na kufufuka. Hii ikifa tunazika." Watu wakalikariri neno lake barabara nzima mpaka Kajiado.

Kuna jambo moja la huku kwetu lazima nilieleze, bila hilo hamtaelewa mbele. Maji ya visima vya Kajiado yana chumvi. Mnayajua, chai yake inaota ngozi nyeupe ndani ya birika. Ngozi hiyo hiyo inaota ndani ya mirija ya rejeta mpaka maji hayapiti na gari inachemka. Dawa yetu ilikuwa magadi. Ndiyo, yale yale ya kuivishia maharagwe na ya kuchanganya na tumbaku ya wazee. Unayasaga, unayatia kwenye rejeta na maji, unawasha injini kidogo, halafu unamwaga na kusuuza mpaka maji yatoke safi. Kwa shaba na chuma ilikuwa dawa kweli. Mzee Mutua ndiye aliyeianzisha, na madereva walijifunza kwake. Kutoka Isinya mpaka Namanga ungekuta kipande cha magadi mbele ya dereva, kando ya miwani. Hata wazee wa Kimaasai waliopewa lifti walikuwa wanakimega kidogo kwa ajili ya tumbaku, na dereva hakatai.

Hapo ndipo Halima anaingia.

Halima alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa Garissa, mume wake alifariki akamwachia watoto wanne na pikapu ya Mmarekani. Alikuwa ananunua mbuzi soko la Bissil na kuwaleta Kitengela. Dereva wake aliitwa Saitoti, Mmaasai wa huko huko Bissil, mtu mzima mwenye familia, aliyeendesha ile pikapu tangu enzi za marehemu. Halima mwenyewe alikuwa anakaa mbele na pesa ndani ya nguo, anahesabu miguu ya mbuzi kwenye kioo cha pembeni.

Shemeji yake, Issack, ndugu wa marehemu, hakupenda. Alikuwa na duka Garissa, na alisema mbele ya watu kwamba mjane haongozi biashara barabarani. Alitaka Halima afunge biashara, ahame na watoto, akae kwenye boma lake yeye huko Garissa. Wale watoto walikuwa wanasoma Kitengela na walikuwa wanasoma vizuri. Halima alimjibu kwa heshima kwamba siku gari itakapomshinda, atafunga. Nadhani alisema hivyo ili anyamaze. Issack alilichukua kama ahadi, na tangu hapo kila akija mjini alikuwa anapita kwetu kwanza kuuliza gari ya shemeji inaendeleaje. Sijawahi kuona mtu anayeomba injini ife kwa adabu namna ile.

Ikakaribia kufa. Pampu ya maji ya ile pikapu ilivunjika, na haikupatikana Nairobi wala Mombasa. Mzee Mutua akaijenga upya kwa vyuma vya pampu nyingine mbili, ikachukua wiki nyingi, na hizo wiki zote Halima alikuwa anakodi lori na faida inaishia kwa mwenye lori. Gari ilipopona, aliiuza. Ilinunuliwa na mzee mmoja wa Isinya. Bei ilikuwa ya kusikitisha. Watu waliisifu ile gari mpaka wakaulizwa nani anainunua, ndipo kila mtu akakumbuka ana shughuli.

Akanunua pikapu ya Mjapani. Mzee Mutua alimwambia waziwazi anakosea. Halima akamwambia, "Mzee, wewe unapenda gari inayokuja kwako. Mimi nataka isiyokuja." Na kweli haikuja. Ilipita mbele yetu ikienda Bissil na kurudi, mwaka ukaisha na zaidi, hatukuifungua hata kofia ya rejeta. Mzee Mutua alikuwa anaiangalia ikipita kama mtu anayepitwa na jirani bila salamu.

Halafu ukaja mwaka wa ukame. Mnaokumbuka mnakumbuka. Mizoga ilikuwa kando ya barabara kuanzia Isinya kwenda chini, na maji ya kisima yalikuwa yanauzwa kwa mtungi. Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia. Halima alikuwa amechukua oda za familia za Kiislamu za Kitengela na Athi River, kila nyumba mbuzi wake au kondoo wake, na mifugo yenyewe minene ilikuwa imebaki michache, ameitafuta kwa shida na kuiweka kwa mtu Bissil. Bila mbuzi hao siku hiyo, wateja hao hawarudi tena. Issack alikuwa ameshakuja mjini na kufikia kwa rafiki yake. Alisema amekuja kusherehekea.

Siku nne kabla ya Idd, pikapu ya Mjapani ililetwa gereji ikivutwa na trekta. Saitoti alikuwa kwenye usukani, uso mweupe kwa vumbi. Halima alishuka kutoka kwa trekta.

Nilifungua bomba la chini la rejeta. Kilichotoka hakikuwa maji, kilikuwa uji mweusi. Nikausugua kati ya vidole, ukateleza kama sabuni. Rejeta tulipoitoa tukaipandisha juani, mwanga ulikuwa unapita kila mahali, ungeweza kuchujia chai. Fundi wa injini akafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nayo ni aluminiamu, ikawa imeliwa pande zote maji yanapopita, kama mkate ulioachiwa panya.

Nikamuuliza Saitoti alitia magadi lini. Akasema wiki iliyopita, gari ilipoanza kuchemka, kama alivyofunzwa. Nikamuuliza alisuuza na nini.

"Sikusuuza," akasema. "Maji ningemwaga wapi, mama? Ng'ombe za baba yangu zimesimama hapo zinaniangalia."

Mwaka ule hakuna Mmaasai angemwaga maji chini mbele ya ng'ombe wenye kiu, awe dereva au awe nani. Kwa hivyo yale magadi yalikaa mle ndani, yakichemka kila siku kwenda na kurudi. Shaba ingevumilia. Aluminiamu ilikuwa inaliwa.

Issack alifika kabla hatujanawa mikono. Sijui nani alimwambia. Alizunguka gari, akaangalia hedi iliyolala kwenye gunia.

"Shemeji," akasema, "nilisema Mjapani ni karatasi. Gari imekushinda. Idd ikipita tutafungasha, nimeshaongea na mwalimu wa Garissa kuhusu watoto."

Halima akasema, "Idd haijapita."

Halafu akamgeukia Saitoti, na niliona anataka kumfukuza kazi. Mzee Mutua alikuwa ameketi kwenye tairi. Akasimama.

"Usimfukuze huyu," akasema. "Gari haina makosa, na yeye hana. Magadi ni yangu. Shaba nilikuwa naijua. Hii sikuijua, na nilifundisha kama naijua."

Halima akamwambia, "Mzee, unaomba msamaha ama unatengeneza gari?"

"Natengeneza."

"Basi msamaha utangoja."

Sasa nyinyi mnaobishana, sikilizeni hapa. Silinda hedi ya Mjapani tuliipata siku ile ile. Saitoti alienda Nairobi na gari ya abiria, akarudi jioni ameipakata kama mtoto, imetumika lakini nzima, na alikuwa amechagua kati ya nyingi. Ingekuwa ya Mmarekani, Idd hiyo ingepita, na nyingine, na pengine Halima angekuwa Garissa anapika kwenye jiko la mtu mwingine. Hiyo ndiyo faida ya gari iliyo nyingi. Ubora wake ni kitu kimoja, na wenzake waliokufa kabla yake na kuiachia vipuri ni kitu cha pili.

Lakini rejeta haikupatikana. Maduka yalisema zimeisha, kila mtu anatafuta hiyo hiyo. Baadaye tulijua sababu: kila Mjapani wa barabara ya Namanga alikuwa amekunywa magadi mwezi ule.

Ukutani kwetu kulikuwa na rejeta kuukuu ya Mmarekani, ya mtu aliyeiacha na hakurudi. Nikamwambia Mzee Mutua tuikate. Akasema haitaingia. Nikamwambia nimesema tuikate. Tukapima nafasi kwa kamba. Tukaitoa matangi, tukapunguza safu za mirija upande mmoja kwa msumeno, tukakunja bati la shaba kufanya ukuta mpya, na ile midomo ya hosi za maji tukaihamisha ikae pale Mjapani alipoitaka. Yeye alishika, mimi nikachoma, maana mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka na wote wawili tulijifanya hatujui. Tulichoma siku nzima na ya pili yake. Tulipoizamisha kwenye pipa ikatoa povu mahali pawili. Nikachoma tena. Ikanyamaza.

Ikabaki maji ya kutia. Ya kisima sikutaka, si kwa hedi mpya. Halima akaenda kwake akarudi na mitungi miwili ya maji matamu, ya kunywa watoto, aliyokuwa ameyanunua kwa wiki nzima. Aliyamimina mwenyewe polepole na halikumwagika tone. Issack alikuwa amesimama kwa mlango wa gereji. Aliuliza watoto watakunywa nini. Halima akamwambia watakunywa chai kwa rafiki yake, si amekuja kusherehekea.

Tulienda Bissil mimi, Halima na Saitoti. Mimi niliambiwa nikae mbele niangalie mshale wa joto. Niliuangalia kwenda na kurudi, sikuona nyasi wala mlima, kwa hivyo msiniulize ukame ulikuwaje huko chini. Mshale ulipanda kwenye kilima kimoja baada ya Kajiado, ukafika mahali pabaya. Saitoti akaniangalia. Nikamwambia aendelee taratibu. Ukarudi. Nyuma mbuzi walikuwa wanapiga kelele kama wamelipa nauli.

Walifika wote. Usiku wa kuamkia Idd Halima alikuwa anagawa mbuzi nyumba kwa nyumba. Asubuhi baada ya swala Issack alikuja gereji akiwa amevaa kanzu safi, akaniuliza kama ile rejeta itafika mwaka mzima. Nilimwambia sijui. Alionekana amefarijika. Ningemwambia ukweli kwamba itafika zaidi, lakini ilikuwa sikukuu yake na sikutaka kumharibia.

Halima hakumfukuza Saitoti. Ule msamaha wa Mzee Mutua aliupata mwezi uliofuata, pamoja na mguu wa mbuzi. Mzee alistaafu mwaka huo huo. Kabla ya kuondoka alizunguka kwa madereva mmoja mmoja, kutoka Isinya mpaka Namanga, akiwaambia watoe magadi mbele ya gari kama ni ya Mjapani. Wengine walimcheka. Alirudia tu. Nyinyi pia nawaambia: kabla ya kutia chochote kwenye rejeta, chukua msumari, kwaruza mahali pasipoonekana. Ikionyesha wekundu au manjano ni shaba, una nafasi ya kukosea. Ikionyesha weupe, huna.

Ile pikapu ya Mmarekani bado iko Isinya. Yule mzee aliishiwa na petroli kabla gari haijaishiwa na nguvu. Injini aliitoa akaifunga kwenye kinu, inasaga mahindi mpaka leo, na nimeisikia kwa masikio yangu, haina kikohozi. Ndani ya mwili wake kuku wanataga. Kwa hivyo mkiniuliza kudumu, imedumu. Mkiniuliza kuuza, jaribuni kuuza.

Ya Halima nayo iko barabarani. Imebadilishwa hedi mara nyingine, klachi, springi, viti, na kila kitu kilipatikana kati ya asubuhi na jioni. Rejeta ile ya shaba nimeichoma tena mara chache na hakuna dukani iliyo bora. Watoto wawili wamemaliza shule hapa hapa, wa tatu yuko kidato cha nne na wa mwisho anamfuata. Nimeshuhudia mtu akimpa Halima bei karibu sawa na aliyonunulia, gari ikiwa na umri huo, akakataa bila kushusha kioo.

Mtu huyo ni Issack. Duka lake limepanuka na anahitaji gari ya mizigo. Huwa anakuja kila baada ya Idd, anaifungua boneti, anaangalia, anatikisa kichwa kama fundi, halafu ananiuliza mimi kwa siri kama nitamwombea kwa shemeji yake. Namwambia aseme naye mwenyewe. Husema naye, na huambiwa gari haiuzwi, iko kazini. Mwaka huu aliongeza bei tena. Habari ya kuhamia Garissa hajaitaja tena.